Hukumu ya Walaji

Mpishi hupika, lakini mwenye neno la mwisho juu ya chakula ni mlaji. Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukweli wa methali hii waonekana katika historia ya chakula kimoja cha Quebec, jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wengi husema Kifaransa. Chakula hicho huitwa poutine. Ni viazi vilivyokatwa vipande virefu na kukaangwa, vikatiwa mabonge madogo ya jibini mbichi, kisha vikamwagiwa mchuzi mzito wa moto. Huuzwa katika vibanda na mikahawa midogo, pamoja na mikate iliyotiwa nyama, kwa watu wenye haraka na fedha chache.

Chanzo chake ni katika miaka ya 1950, kusini mwa mto St. Lawrence. Nchi hiyo ni ya ng'ombe wa maziwa, na jibini mbichi ilipatikana kwa urahisi vijijini. Katika mji wa Warwick yasimuliwa kuwa mwaka 1957 mteja mmoja aliingia katika mkahawa wa Fernand Lachance, akaomba viazi na jibini vitiwe pamoja katika mfuko mmoja. Mwenye mkahawa alimwonya kuwa hayo yatakuwa mchafuko mtupu, akatumia neno poutine, ambalo katika usemi wa huko lina maana hiyo. Hata hivyo alimpa alichotaka. Watu wa Drummondville nao hawakubali kushindwa. Wao husema kuwa Jean-Paul Roy, aliyekuwa akiuza viazi vyenye mchuzi, aliwaona wateja wakijitilia jibini wenyewe, na mwaka 1964 akakiingiza chakula hicho katika orodha yake. Ubishi huo haujakatika hata leo. Lakini tukizipima hadithi zote mbili twaona jambo moja: shauri halikutoka jikoni, lilitoka mezani kwa mteja.

Walaji hao si watu wa kudanganywa. Jibini iliyo mbichi hasa hulia kidogo baina ya meno inapotafunwa, na ikikaa siku kadhaa hunyamaza. Kwa hiyo mteja wa Quebec hukihukumu chakula kwa ulimi na kwa sikio pia. Hutaka viazi visilegee, mchuzi uwe wa moto, na jibini ilainike pasipo kuyeyuka yote. Mwuzaji akikosa moja katika hayo, atasikia maneno yake kabla sahani haijaisha.

Walakini yalikuwapo maoni ya namna nyingine, ya watu waliohukumu kwa macho tu. Kwa miaka mingi poutine ilichekwa kuwa chakula cha mafukara na washamba, na jina lake likageuzwa dhihaka juu ya watu wa Quebec wenyewe. Baadhi yao waliona haya kukisifu mbele ya wageni walichokipenda nyumbani. Kisha upepo uligeuka. Martin Picard, aliyefungua mkahawa wake mjini Montreal mwaka 2001, alipata sifa kwa kuiandaa poutine pamoja na maini ya bata aliyenoneshwa. Mwaka 2007 watazamaji wa shirika la utangazaji la Kanada walipochagua uvumbuzi mkubwa wa nchi yao, poutine ilishika nafasi ya 10. Leo huuzwa nchini kote, na wako watu wa Quebec wanaouliza kwa uchungu: yawaje chakula tulichotukaniwa jana kiitwe leo chakula cha Kanada nzima, bila jina letu kutajwa?

Swali hilo lina haki yake. Viazi havikubadilika, wala jibini, wala mchuzi. Kilichobadilika ni fikira za watazamaji. Walaji wa vijijini walikuwa wamekwisha toa hukumu yao mapema, nayo haikutanguka. Basi, msomaji, usikiapo chakula cha watu fulani kikidharauliwa, uliza kwanza kama msemaji alikionja. Neno la aliyeonja ni ushahidi. Neno la asiyeonja ni uvumi. Na aonaye haya kwa chakula cha kwao kwa sababu ya kicheko cha jirani, huenda kesho akamkuta jirani yuyo huyo akikila kwa furaha na kukiita chake.