Ziwa Lililohamisha Bandari

Mgeni anayekwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 huuliza swali ambalo wenyeji wamelizoea: ziwa lenyewe liko wapi? Mnara wa kumbukumbu upo, miembe ipo, maji hayapo. Lazima ateremke, akatize vichochoro na nyua za watu, ndipo afike ufukweni ambako mafundi wanaunda maboti ya mbao na kuyakalafati kwa pamba. Livingstone hakuhitaji mwendo wote huo. Siku zile maji yalikuwa jirani na mji, na Ujiji ndiyo ilikuwa bandari kuu ya Ziwa Tanganyika. Mji haukuhama. Ziwa ndilo lililojivuta nyuma, na mengi yaliyofuata kuhusu mahali vyombo vinapofunga kamba katika maji haya yanaanzia hapo.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilometa 670, na kina chake kinafikia karibu mita 1,470. Katika maziwa ya dunia ni Baikal peke yake lenye kina zaidi. Sehemu kubwa ya kingo zake ni milima inayotumbukia majini moja kwa moja. Penye mchanga kidogo au mdomo wa mto ndipo penye kijiji, na kutoka kijiji kimoja hadi cha pili njia nyepesi ni ya majini.

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta usafiri ni mitumbwi ya gogo. Speke alivuka ziwa kwenda kumwomba mfanyabiashara mmoja Mwarabu jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Basi wakaenda Uvira, kaskazini, kwa mitumbwi miwili. Burton, ambaye kulalamika kulikuwa sehemu ya kazi yake, hakufurahishwa na makasia yaliyomrushia maji wala na nyimbo za wapiga makasia. Lakini hao aliowalalamikia walikuwa na akili ya safari: waliambaa na ufuko, kwa sababu upepo wa ziwa hili hauna taarifa, na katikati hakuna pa kukimbilia.

Matanga yalizidi baadaye, mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani waliojikita Ujiji. Jahazi zao zilivusha pembe za ndovu, na zilivusha watu waliotekwa ili kuuzwa. Bandari ambayo wasafiri wa Ulaya waliisifu kwa soko lake ilikuwa pia mlango wa biashara hiyo, na historia ya Ujiji haielezeki bila kulitaja jambo hilo.

Sasa turudi kwenye maji. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alizunguka sehemu ya kusini ya ziwa akitafuta mahali linapotokea. Upande wa magharibi akaukuta Mto Lukuga, mdomo wake umezibwa na matete na majani yaliyoshikana. Stanley alipopita mwaka 1876 kizuizi kilikuwa bado kipo. Ziwa linaloingiwa na mito mingi na kutegemea mlango mmoja wa kutokea, mlango ukiziba, halina budi kupanda, nalo lilipanda. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kikaachia. Edward Hore, baharia wa kazi aliyekuja na London Missionary Society, alifika Lukuga mwaka 1879 akakuta mto unakwenda kwa kasi kuelekea Kongo. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita kumi.

Penye mwamba wima, mita kumi huacha alama nyeupe kwenye jiwe na basi. Lakini Ujiji imekaa kwenye mteremko wa taratibu, na kila mita maji yaliyoshuka iliongeza ufuko mrefu. Jahazi zilizozoea kusimama karibu na nyumba za matajiri zikabaki mbali, kwenye maji mafupi yasiyo na kinga. Kwa mtumbwi hilo si tatizo. Watu wawili watatu wanauvuta mchangani. Kwa meli ya chuma ni balaa. Wajerumani walipotawala walianza na Ujiji, lakini macho yao yakahamia kilometa chache kaskazini, kwenye ghuba ya Kigoma, ambako kuna kina cha kutosha karibu na nchi kavu na rasi za kuvunja mawimbi. Reli ya Kati ilipolifikia ziwa mwaka 1914, ilifika Kigoma. Ujiji, iliyokuwa na soko, misikiti na jina, ikaachwa pembeni.

Reli hiyo ilikuwa ibebe kitu kikubwa kuliko abiria. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, meli yenye urefu wa mita 70 na ushei iliundwa, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalisafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakachukuliwa bara. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo. Kazi ya kuiunganisha ufukweni ilifanywa na mafundi wa Kihindi na vibarua wenyeji, ambao vitabu vingi huwamaliza kwa sentensi moja. Februari 5, 1915, ikashushwa majini ikiitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa damu na njaa.

Mambo ya Vita Kuu ya Kwanza ziwani yamesimuliwa mara nyingi, nami nitayapita upesi. Waingereza walizivuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia misitu na milima ya Kongo. Desemba 1915 zikaiteka Kingani, chombo cha Wajerumani, na Februari 1916 zikaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Kutokana na visa hivyo C. S. Forester alipata riwaya, na Hollywood ikapata filamu. Götzen, iliyofungwa mzinga ulioopolewa kutoka manowari Königsberg kule Rufiji, haikuwahi kupambana nazo. Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito, kwa nia ya kuirudia siku moja. Julai 26, 1916, ikashuka chini karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Waliorudi hawakuwa wao. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Waingereza waliiibua Machi 1924, na walipofungua mitambo wakakuta grisi ya mafundi wale imefanya kazi yake: chuma kilikuwa kizima kiasi cha kutumika. Mei 16, 1927, meli ikaanza safari upya kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alikuwa ameliandika miaka 60 kabla kuwa jina la ziwa hili upande wa kusini.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, historia yake yenye uzito inapoanza, na hapo ndipo wasimulizi wengi wanapofunga daftari. Kwa miongo mingi Liemba ilitoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, na kurudi. Ratiba ambayo watu wengi wa kusini mwa ziwa wanaikumbuka ni hii: kuondoka Kigoma Jumatano alasiri, kufika Mpulungu Ijumaa asubuhi, kurudi Kigoma Jumapili. Katikati kuna vituo vingi, Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kirando, Kipili, Kasanga na vingine. Gati la kuegeshea meli kubwa, kwa muda mrefu, lilikuwepo Kigoma, Kasanga na Mpulungu tu. Kwingine meli ilisimama majini, na gati likaja lenyewe.

Ilikuwa hivi. Meli inakata mwendo mbali na ufuko, honi inalia, na hata kama ni saa nane usiku, kijiji kinaamka. Tochi zinashuka mlimani. Maboti ya mbao yanasukumwa majini, mengine ya makasia, mengine ya injini, na yote yanakimbilia ubavu wa meli kwa pamoja, kwa sababu anayefika wa kwanza ndiye anayeshika abiria na mzigo. Mlango wa ubavuni unafunguliwa. Wanaoshuka na wanaopanda wanakutana hapohapo, kwenye upana wa mtu mmoja na nusu. Mtoto anapitishwa mikononi, kuku wanapitishwa, godoro linapitishwa. Upande wa mbele winchi inapakia magunia ya dagaa na mahindi, na nyakati nyingine mananasi kwa mamia. Nahodha wa boti anatakiwa kushikilia chombo chake kisigongwe na chuma wala kisiachane nacho, huku amebeba watu wazito waliosimama. Hakuna chuo kinachofundisha hilo. Ziwa likichafuka, hasa miezi ya kiangazi upepo wa kusini unapovuma siku nzima, boti inapanda na kushuka, na abiria anaambiwa asubiri, asubiri, haya ruka.

Magunia hayo ya dagaa nayo yana historia yake. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Karabai zilitawala kwa miaka mingi, sasa taa za umeme wa jua zinazidi kuchukua nafasi. Mbalamwezi ikiwa pevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa. Kwa hiyo biashara ya kijiji ilikwenda kwa kalenda mbili: ya mwezi iliyoamua dagaa watapatikana lini, na ya Liemba iliyoamua watasafiri lini. Zilipogongana vibaya, mchuuzi wa Kirando alikaa na gunia huku mvua ikimwangalia.

Uzoefu huo wa maboti madogo umewahi kubeba uzito mkubwa zaidi ya dagaa. Mwaka 1997 Liemba ilitumiwa kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo baada ya Mobutu kuanguka. Mwaka 2015 safari zikawa za kuja. Machafuko ya Burundi yalipoanza Aprili, watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu na mpaka, ambacho hakikuwa na barabara. Ilipofika katikati ya Mei walikadiriwa kuzidi 50,000. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30. Njia za kutoka zilikuwa mbili: kupanda mlima kwa miguu, au ziwa. Liemba ikaletwa, ikabeba kama watu 600 kwa safari hadi Kigoma, ambako walipokelewa kwenye uwanja wa mpira kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Lakini meli haikuweza kuugusa ufuko wa Kagunga. Kila mzee, kila mama mwenye mtoto mgongoni alifikishwa ubavuni mwake na boti za wavuvi.

Miaka ya karibuni Liemba imekaa sana Kigoma kwa matengenezo, na vijiji vimerudi kutegemea maboti ya mbao kwa safari nzima, si kwa mwendo wa kutoka ufukweni tu. Serikali nayo imejenga magati mapya. La Karema, mkoani Katavi, lilikamilika mwaka 2022, likilenga shehena ya Kalemie ng'ambo ya pili. Ni mahali penye kumbukumbu ndefu: kituo cha kwanza cha watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji ziwani kilianzishwa hapo mwaka 1879, wakati Lukuga ilipokuwa ikimwaga maji kwa nguvu.

Na ziwa halijatulia. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha hadi kilele cha mwaka 1964, na tangu mwaka 2020 limepanda tena. Bandari ya Bujumbura imeingiliwa na maji, na nyumba za ufukweni katika nchi zote nne zinazolizunguka zimefurikwa. Mhandisi anayechora gati hapa analazimika kuchagua usawa mmoja wa maji na kuujengea kwa saruji. Wenye maboti wa Kibirizi, kaskazini kidogo mwa bandari ya Kigoma, wanapopakia abiria wa Gombe na Kagunga hawana uamuzi huo wa kufanya. Maji yakipanda wanasogeza mbao za kupandia, yakishuka wanazirudisha.