Swali kwa waziri: kutoka 1960 mpaka RAM



Kila mara waziri anaitwa Palais du Peuple kujibu maswali ya wabunge, kuko mmoja wetu wa kusema: "Ile ni teatri tu. Anaingia, anasoma makaratasi yake, wanamupigia mikono, anarudia kwake." Siwezi kumukatalia yote. Lakini kama ni teatri tu, basi mutu anieleze kwa nini katika hii inchi wakubwa wamefunga mulango wa ile teatri mara mingi hivi. Mimi ni mutu wa agronomia, si wa sheria, lakini hii historia imenishika sana na ninataka tuiangalie pamoja.

Mwaka 1960, Loi fondamentale, ile sheria tuliyoingia nayo katika uhuru, ilitupatia Chambre ya wabunge 137 na Sénat, na serikali ilipaswa kujibu mbele yao. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu akamufukuza Waziri wa Kwanza Lumumba, na Lumumba naye akatangaza kwamba amemufukuza Kasavubu. Lumumba akaenda kujieleza mbele ya wabunge, na tarehe 7 Chambre ikapiga kura: 60 juu ya 19, kufukuzana kote kuwili kufutwe. Yaani ata katikati ya ile fujo, watu walikuwa wangali wanakaa, wanasikiliza, wanahesabu kura. Siku 7 nyuma yake, tarehe 14, Kolonele Mobutu akasema anawaweka wanasiasa wote pembeni.

Miaka 5 kisha, ni vile vile. Kasavubu anamutosha Tshombe, anamuweka Kimba. Tarehe 14 Novemba 1965 bunge linamukatalia Kimba. Kasavubu anamurudisha tena yeye yule. Tarehe 24 Novemba jeshi linachukua utawala, na mwaka 1966 Mobutu anaivuta kazi ya kutunga sheria mikononi mwake.

Kutoka pale tunaingia katika wakati wa chama kimoja. Wabunge wanaitwa "commissaires du peuple", mawaziri wanaitwa "commissaires d'État", na wote ni watoto wa MPR. Mwaka 1975 ata kura ya siri haikuwa: watu walikusanywa, majina yakasomwa, wakapiga mikono. Mubunge aliyepatikana kwa mikono ya vile, atamuuliza nani nini?

Halafu ikafika 1977, na ni hapa ningependa tukae kidogo, juu vitabu vingi vinapita haraka sana.

Mwaka ule, katika mwezi wa 3, vita ya kwanza ya Shaba ilikuwa imemutikisa Mobutu. Aliokolewa na waaskari wa Maroko, bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu miaka miwili mitatu, madeni yalikuwa mengi, na wazungu waliokuwa wanamusaidia walikuwa wanamwambia afungue kidogo dirisha. Tarehe 1 Julai akatoa hotuba ya mabadiliko. Akaweka cheo cha Premier Commissaire d'État, na mwezi wa 10 watu wakachagua wabunge kwa kura ya kweli zaidi, na wagombea wengi, ijapokuwa wote wa chama kile kimoja. Na wabunge wakapewa haki ya kumuita commissaire d'État na kumuuliza namna anavyoendesha kazi. Neno la Kifaransa lilikuwa "interpellation".

Nadhani Mobutu alifikiri itakuwa mapambo. Lakini wale watu waliichukua kwa ukweli. Kati ya 1978 na mwanzo wa 1980 wakubwa walianza kupita mbele ya bunge mmoja mmoja, wakiulizwa juu ya pesa za idara zao na za makampuni ya serikali. Baba mukubwa wangu, aliyekuwa mwalimu wa sekondari wakati ule, ananiambia kwamba lile neno liliingia ata ndani ya manyumba: bibi akiona bwana amerudi na mushahara nusu, anamwambia "leo nitakuinterpeller". Anacheka bado akisimulia. Lakini muone maana yake: watu ambao miaka 10 walikuwa wanaimba na kucheza tu mbele ya wakubwa, sasa wameanza kusikia kwamba mukubwa anaweza kukaa kwenye kiti na kukosa jibu.

Haikudumu. Katika mwezi wa 7 wa 1979 wachimbaji wa almasi waliuawa na waaskari huko Katekelayi, katika Kasai, na kuko wabunge waliotaka bunge lifanye uchunguzi. Sasa swali lilikuwa limetoka kwenye hesabu za waziri na limefika kwenye damu. Mwanzo wa 1980 Mobutu akazima zile interpellation. Haikuhitaji muzinga, neno lake tu lilitosha.

Kilichofuata wengi wetu tunakijua, lakini hatukiunganishi na haya. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13 wakamuandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52. Kati yao walikuwa Tshisekedi wa Mulumba, Ngalula, na Kyungu wa Kumwanza, ambaye siye wa Lubumbashi tunamujua pia kwa mambo mengine, mazuri na mabaya. Hawakuwa watu wa pembeni. Tshisekedi alikuwa amekuwa waziri wa Mobutu mwenyewe wa mambo ya ndani. Walikuwa watu wa nyumba ambao walinyimwa mahali pa kuuliza kwa mudomo, wakauliza kwa karatasi. Wakakamatwa, wakapokonywa viti, wengine wakapelekwa kufungiwa katika vijiji vya mbali. Tarehe 15 Februari 1982 UDPS ikazaliwa. Kwa hiyo chama kinachotawala leo kilianza, kwa sehemu kubwa, na wabunge waliokatazwa kuuliza. Kila mutu afikiri nalo anavyotaka.

Ninaruka Conférence nationale na vita mbili, siku ingine mwenzetu wa historia atazieleza. Tufike kwenye Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ile tuko nayo mpaka leo. Kifungu cha 138 kinawapa wabunge na masenatere vyombo vitano: swali la mudomo ao la kuandika, swali juu ya jambo la siku ile, interpellation, tume ya uchunguzi, na kumusikiliza waziri ndani ya komisio. Tuchunge jambo moja hapa: swali, likuwe na mabishano ao bila mabishano, halifuatwe na kura. Waziri anajibu, inaandikwa, basi. Meno yako mbele kidogo, katika kifungu cha 146. Mosio ya kumuangusha waziri mmoja inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge. Ya kuangusha serikali nzima, sehemu moja ya ine. Inangojewa saa 48, halafu inahitaji nusu ya wabunge wote na zaidi. Bunge letu likiwa na watu 500, ni kura 251. Asiyekuja siku ile, ni sawa vile amemusaidia waziri.

Na wabunge wanajua njia za kuponyoka. Kuko ile inaitwa "motion incidentielle": kabla mabishano hayajaanza, mubunge mmoja wa upande wa waziri anasimama, anaomba jambo liondolewe, wanapiga kura, imekwisha. Waziri ata koo haijamukauka. Akijibu nayo, kwanza anasikiliza maswali yote, anaomba masaa 48 ya kutayarisha, anarudi na karatasi za ukurasa 30. Swali lenye lilikuwa na makali siku ya kwanza linarudi likiwa limepoa.

Je, meno yale yamewahi kuuma? Ndiyo. Tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura kuangusha serikali ya Ilunga Ilunkamba. Lakini tuseme ukweli, ile haikuwa hukumu juu ya barabara ao mishahara ya walimu. Ilikuwa ni wingi wa bunge kuhama kutoka upande wa Kabila kuenda upande wa Tshisekedi. Mwisho wa Machi 2022 ikawa ingine: waziri wa uchumi, Jean-Marie Kalumba, aliangushwa kwa mosio iliyoongozwa na Crispin Mbindule, mubunge wa Butembo, juu ya bei ya vyakula. Mimi hii ninaihesabu zaidi kuliko ile ya kura 367, juu ilianza na kitu ambacho mama sokoni anakijua.

Na katikati ya hizo mbili kuko RAM. Hapa sihitaji kueleza sana, wote tulilipa. Tangu 2020 mutu akiingiza inite ndani ya telefone, zinakatwa: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G. Mwanafunzi anayenunua mega za franka 500 kwa kudunduliza, dola 7 si muchezo. Katika mwaka 2021 wabunge walimuita waziri wa telekomu, Augustin Kibassa Maliba. Swali lilikuwa fupi na lenye makali: ni sheria gani? Kifungu cha 174 kinasema kodi haiwekwe bila sheria. Serikali ilijibu kwamba ile si kodi, ni malipo ya huduma. Huduma gani, telefone ni yangu? Jibu halikuwatosheka wabunge, wakaomba RAM iondoshwe. Vijana nao walikuwa wanapiga kelele inje. Mwanzo wa 2022 makato yakasimama.

Kuko kitu ambacho historia inacheka nacho hapa: waziri yule ni mutoto wa Frédéric Kibassa Maliba, mutu wa Katanga aliyekuwa kati ya waanzilishi wa UDPS. Baba alipigania haki ya kuuliza, mutoto akaulizwa. Siandike hivi kwa kumuchafua, inaonyesha paka namna kiti kinavyogeuka.

Sasa mimi wa mashamba niseme langu. Tarehe 15 Julai 2014 Bukanga Lonzo ilizinduliwa kwa shangwe: hektari 80.000, kilometa karibu 250 kutoka Kinshasa, mahindi ya kulisha muji mukuu. Mwaka 2017 ilikuwa imesimama. Zaidi ya milioni 200 za dola zilikuwa zimetoka. Aliyefungua lile faili kwa nguvu ni Inspection générale des finances, mwaka 2020, na Mei 2025 Korti ya Katiba ikamuhukumu aliyekuwa Waziri wa Kwanza, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu. Yeye mwenyewe alikataa mashtaka. Hukumu ilikuja miaka karibu 11 nyuma ya uzinduzi.

Lakini udongo wa ile savana tunaujua tangu mwaka wa pili wa shule: muchanga mwingi, asidi nyingi, unashika mbolea kidogo. Mubunge mumoja angemuita waziri wa kilimo mwaka 2014 na kumuuliza: pH ni ngapi? Mutatia chokaa tani ngapi kwa hektari, inatoka wapi, inafika na barabara gani? Mwaka wa kwanza munangojea tani ngapi za mahindi kwa hektari? Maswali matano, yanaingia katika dakika mbili, na kwa mengi jibu ni namba. Namba njo inamubana waziri, hotuba haimubane. Hotuba juu ya "uzalendo" na "kilio cha raia" anaweza kuijibu na hotuba ingine.

Na wabunge wengi hawana wa kuwaandikia maswali ya namna ile. Wana wasaidizi wa kubeba mikoba na kujibu telefone. Siye tuko hapa na lisanse zetu za agronomia, za afya, za mitambo, za uchumi. Mubunge ana ofisi yake katika muji, na wakati wa likizo ya bunge anarudi kwetu. Mukutano wa kawaida wa pili wa bunge unaanza kila mwaka tarehe 15 Septemba, na kazi yake kubwa ni bajeti. Mwaka 2003, huko Maputo, inchi za Afrika ziliahidi kutia asilimia 10 ya bajeti katika kilimo, na Kongo iko kati ya zile ambazo hazijafikia. Swali la kuandika linaweza kuwa mistari miwili: ni franka ngapi zilipigiwa kura kwa kilimo mwaka jana, na ni ngapi zilitoka kweli kwenye kasa? Mwenye anamujua mubunge wa territoire yake anaweza kumupelekea lile karatasi kabla ya mwisho wa mwezi wa 8.