Mahali pa Kusimama

Kabla kamera haijafikiriwa na mtu yeyote, na kabla kemia haijajua kuushika mwanga na kuubakiza juu ya bamba, manahodha na marubani wa pwani yetu walikuwa wamekwisha kuyapata maarifa ambayo nayahesabu kuwa ndiyo roho ya kazi ya mpiga picha, nayo ni maarifa ya kuoanisha kitu kilicho karibu na kitu kilicho mbali kwa kuhamisha mahali pa kutazamia. Rubani anayeingiza chombo bandarini baina ya mafungu na miamba iliyofichwa na maji hutafuta alama mbili za nchi kavu, mnara wa msikiti au mnazi mrefu ulio kando ya pwani, na kilima kilicho bara nyuma yake. Alama hizo zikisimama moja mbele ya nyingine, yumo katika njia ya salama, na zikiachana, hata kwa upana wa kidole, hufahamu kwamba chombo kimeanza kupotoka, na hufahamu pia upande kilikopotokea. Alama hazikusogea, aliyesogea ni yeye. Katika bahari kuu, pasipo mnazi wala kilima, mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia kamal, kibao kidogo cha mti chenye uzi wa mafundo: baharia alilishika fundo kwa meno, akakinyosha kibao mbele ya uso wake mpaka ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukagusa nyota, na kwa fundo lile akajua amefika wapi katika safari ya kusini na kaskazini. Ahmad bin Majid, bingwa wa elimu ya bahari aliyeandika kitabu chake kikubwa yapata mwaka 1490, aliyatia maarifa ya namna hii katika maandishi, lakini wengi walioyatumia walikuwa nayo katika macho na mikono tu.

Sababu ya jambo hili kuwezekana ilikuwa imekwisha kuelezwa na Hasan bin al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Misri, ambaye katika Kitab al-Manazir alithibitisha kwamba jicho halitoi miali yake lenyewe, ila hupokea mwanga utokao katika vitu, na kwamba mwanga huo husafiri kwa mistari iliyonyoka. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu lililoelekea mahali penye giza, akaona kila taa inatia doa lake ukutani, na doa, tundu na taa vimo katika mstari mmoja; alipoifunika taa moja, doa lake peke yake lilitoweka, na alipoifunua, lilirudi palepale. Sijui jaribio jingine lililo jepesi kama hili na lenye kuzaa mengi kama hili. Karne nne baadaye, mjini Florence, Filippo Brunelleschi alichora juu ya ubao jengo la ubatizo la San Giovanni kama lionekanavyo na mtu aliyesimama ndani kidogo ya mlango wa kanisa kuu, akautoboa ubao wenyewe, na akamtaka mtazamaji achungulie kutoka nyuma yake huku akiitazama picha katika kioo alichokishika mbele; maana picha ile ilikuwa kweli kwa jicho lililowekwa pahali pamoja tu, na fundi alikusudia kumlazimisha kila mtu apakalie pahali hapo.

Kamera ilipokuja ilirithi sharti hilo pamoja na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni uzito wa mwendo wake. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kutoka dirishani kwake katika barabara ya Boulevard du Temple, Paris, na kwa kuwa bamba lilihitaji dakika kadhaa kuushika mwanga, magari ya farasi na wapita njia walipita bila kuacha athari, akabaki mtu mmoja aliyekuwa amesimama kusafishiwa viatu. Kwa muda mrefu baada ya hapo mpiga picha aliweza kuoanisha jiwe na jiwe, mlima na mti, lakini hakuweza kuoanisha mtu apitaye na ukuta uliokaa. Timothy O'Sullivan, aliyefuatana na wapimaji wa serikali katika nyika za magharibi ya Marekani tangu mwaka 1867, alibeba mabamba ya kioo ambayo ilimlazimu kuyapaka dawa, kuyapigia picha na kuyasafisha yangali mabichi, hema la giza likiwa karibu naye. Na mtu aliye katika hali hiyo hachagui pa kusimama kwa pupa, kwa sababu kila hatua ya kurudi nyuma au kwenda kando ina gharama yake ya maji, dawa na jua.

Mapinduzi yaliletwa na kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuonyeshwa sokoni Leipzig mwaka 1925, yenye picha za milimita 24 kwa 36, nyepesi kiasi cha kukaa mfukoni mwa koti. Mwaka 1932 ilitoka Leica iliyounganishwa na kipima-umbali, ambamo mpiga picha huona taswira mbili za kitu kimoja zilizoachana, akaizungusha lenzi mpaka zikakutana na kuwa moja, na hapo ndipo kitu kile huwa kimekaa barabara.

Kwa kamera ndogo ya namna hiyo barabara za miji zilianza kutoa picha ambazo hakuna mchoraji aliyekuwa amezitunga. Mhungaria André Kertész, aliyehamia Paris mwaka 1925, alipiga katika kitongoji cha Meudon mwaka 1928 picha ambayo ndani yake garimoshi linapita juu ya daraja refu la mawe, wakati mtu mwenye kofia, amekumbatia kitu kilichofungwa katika karatasi, anapita chini karibu na kamera. Mambo mawili yasiyojuana, yaliyokutanishwa na jicho la mtu wa tatu. Kertész ndiye aliyewafungulia wengine mlango, na miongoni mwa waliouingia hakuna aliyepata sifa kama Mfaransa Henri Cartier-Bresson.

Huyu alizaliwa mwaka 1908, na kabla ya kuishika kamera kwa bidii alijifunza uchoraji kwa André Lhote, mwalimu aliyesisitiza hesabu za mistari na maumbo katika kila picha. Alikwenda Côte d'Ivoire, akaugua homa kali iliyokaribia kumwua, na aliporejea Ufaransa akaiona picha iliyomgeuza: vijana watatu wa Kiafrika, uchi, migongo yao ikituelekea, wanakimbilia katika mawimbi, mikono na miguu yao imeachana na kupishana ndani ya povu hata huwezi kumwondoa mmoja bila ya kuwaharibu wenzake. Ilipigwa na Martin Munkácsi, naye pia Mhungaria, na imeenea duniani kwa jina la Ziwa Tanganyika, japokuwa wapo wachunguzi wanaoiweka Liberia. Sisi tunaokaa baina ya ziwa hilo na bahari tungefurahi kuidai. Lakini iwe ya Kigoma au ya Monrovia, ni miili ya vijana wa Afrika iliyomfundisha bwana yule kwamba mwendo waweza kuwa na mpango.

Mwaka 1932 alisimama nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, mbele ya ua wa mbao, akaipenyeza lenzi katika nafasi iliyokuwa baina ya mbao mbili, nyembamba kiasi kwamba ubao mmoja ulizuia sehemu ya kushoto ya picha. Ng'ambo ya ua maji ya mvua yametanda. Mtu mmoja ameruka kutoka juu ya ngazi iliyolala majini, miguu yake imepanuka, na kisigino cha mbele kimebakiza nafasi ndogo mno kabla ya kugusa maji, hata kisigino na taswira yake vinakaribia kubusiana. Ukutani nyuma yake limebandikwa tangazo la mchezaji wa jukwaani aliyeruka vilevile, akielekea upande wa pili, na mchezaji huyo naye ana taswira yake majini. Basi warukao ni wanne.

Watu wameisifu picha hii kwa sababu ya wakati wake, na kitabu cha Cartier-Bresson cha mwaka 1952 kilichotoka Marekani kwa jina la wakati wa kukata shauri kimeithibitisha sifa hiyo mpaka ikawa kama itikadi. Mimi naona wakati umepewa haki ya mwenziwe. Maji yalikuwapo, ngazi ilikuwapo, tangazo lilikuwa ukutani tangu kabla ya mrukaji kutokea, na pahali pa kutazamia palikuwa pameamuliwa na ule upenyo mmoja. Aliyechelewa kufika alikuwa mtu tu. Jambo hili ni dhahiri zaidi katika picha ya Hyères ya mwaka huohuo, iliyopigwa kutoka juu ya ngazi ya mawe ambayo reli yake ya chuma inazunguka na kushuka, na chini, katika kipande cha barabara kilichoachwa wazi na mzunguko ule, anapita mwendesha baiskeli. Yeyote aliyesimama hatua mbili kando angekuwa na reli, ngazi na baiskeli hiyohiyo, na asiwe na picha.

Katika mandhari, ambako milima haipiti kwa baiskeli, wakati huja na mwezi na jua. Mpiga picha Ansel Adams alikuwa akirudi Santa Fe kwa gari alipouona mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na misalaba ya makaburini ikiwaka kwa jua la mwisho. Alisimamisha gari, akakikosa kipima-mwanga chake, akakadiria kwa kukumbuka nguvu ya mwanga wa mwezi, na baada ya bamba moja tu jua likaiacha misalaba. Hakuiandika tarehe, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe aliitaja miaka tofauti. Wanajimu ndio walioipata, kwa kupima mwezi umekaa wapi juu ya safu ya milima, na Dennis di Cicco, baada ya kurekebisha kwanza mahali hasa kamera iliposimama, alifikia tarehe 1 Novemba 1941, saa kumi na dakika 49 za jioni. Hapo awali mahali palipokosewa kidogo, tarehe nayo ilikosewa kwa siku nzima.

Mpiga picha Mark Klett na wenzake waliifanya njia hiyo kuwa kazi, walipozirudia baina ya mwaka 1977 na 1979 sehemu zilizopigwa picha na O'Sullivan na wenziwe. Walipima katika picha ya kale nafasi iliyo baina ya jiwe la karibu na kilele cha mbali, wakaipima tena mbele ya macho yao, wakasogea mpaka vipimo viwili vikalingana. Katika bonde la Weber, Utah, walipopata pahali penyewe, waligundua kwamba O'Sullivan aliiinamisha kamera mwaka 1869, na miamba aliyoionyesha imelala upande ilikuwa imesimama wima.

Kazi kama hiyo yatungojea Unguja. Picha zilizopigwa kutoka baharini kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Uingereza zilipoyapiga mizinga majumba ya Sultani, zaonyesha mnara wa taa uliosimama peke yake pwani, na kwa kuwa ulikuwa mbali na majumba, ulionekana mbele ya nguzo hii au ile kwa kadiri mashua ya mpiga picha ilivyotia nanga. Kwa hiyo mtu mwenye subira na ramani ya zamani aweza kuitafuta nanga ile. Mnara mpya wenye saa uliojengwa mwaka 1897 uliunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, mojawapo ya majumba hayo, na kitu kilichogusana na kingine hakitelezi mbele yake, hivyo dalili hiyo ikapotea hata kabla sehemu ya jengo, pamoja na mnara, haijaanguka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa picha zilizopigwa tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa inafaa kuitumia minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu inayotokeza nyuma ya mapaa: pengo lililo baina yake hupungua na kuzidi kadiri mashua inavyoambaa mbele ya mji, nalo lapimika kwa rula juu ya karatasi.