Tabaka Lililodhaniwa Takataka

Mafundi wa hadubini wana desturi iliyodumu zaidi ya miaka mia moja: kipande cha ngozi hulowekwa kwenye formalini, hukamuliwa maji yake kwa alkoholi, huzamishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa rangi. Desturi hiyo ndiyo iliyotuzoesha majina ya matabaka ya epidemisi, yaani ngozi ya juu. Chini kabisa lipo tabaka la msingi linalozaa seli; juu yake tabaka la miiba; halafu tabaka la punje; na mwisho tabaka la pembe, lenye seli zilizokufa na kupoteza viini vyao. Ninachodai ni kwamba desturi hiyo hiyo iliwafanya wasomi waendelee kwa muda mrefu kulidharau tabaka la pembe, kwa kuwa ililiharibu kabla jicho halijalifikia, na kwamba heshima yake haikukamilika mpaka protini zilipoanza kusomwa zenyewe.

Dharau hiyo ilianza kabla ya rangi na nta. Katika karne ya 17, Marcello Malpighi wa Bologna alitofautisha ngozi ngumu ya nje na utando laini ulio chini yake, akasema weusi wa Waafrika umo ndani ya utando huo. Kuanzia hapo udadisi wa Ulaya ukaelekea chini. Mwaka 1739 Akademia ya Bordeaux, mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya watumwa, ilitangaza shindano la insha kuhusu chanzo cha weusi huo. Ngozi ya nje, isiyo na rangi ya kubishania, ilibaki ganda la kubanduliwa ili mtu afikie alichokitaka. Karne ya 19 iliongeza ustadi: mwaka 1868 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, alitumia chumvi ya dhahabu kuonyesha seli zenye matawi zinazobeba jina lake hadi leo, na mwaka 1882 Wilhelm Waldeyer akazipa jina la keratohialini zile punje za tabaka la tatu. Lakini punje zenyewe zina kazi gani? Rangi haikuweza kujibu.

Ubaya wa utayarishaji ule unaeleweka kwa urahisi. Kati ya seli za tabaka la pembe kuna mafuta yanayozishikamanisha, na vimiminika vinavyoandaa nyama kwa ajili ya nta huyayeyusha mafuta hayo. Kinachobaki chini ya lenzi ni nyuzi zilizoachana, kama ukili uliofumuka, na yeyote aonaye picha hiyo ana haki ya kudhani ni takataka zinazongoja kudondoka. Waliolitetea walilazimika kwanza kuiacha njia hiyo. Mwaka 1952 Irvin Blank alionyesha kwamba kinachoilainisha ngozi ya juu ni maji iliyoyashika, wala si mafuta ya kupakwa. Mwaka 1964 Albert Kligman aliandika utetezi mrefu wa tabaka hilo, na vipande vilivyogandishwa kwa baridi na kuvimbishwa kwa dawa ya alkali vilionyesha seli zimepangana kwa nidhamu, safu juu ya safu. (Kligman huyo ndiye aliyeongoza majaribio ya miaka mingi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, na historia isiyotaja hilo ina upungufu.)

Hata hivyo, kuonyesha mpangilio si kueleza umejengwaje. Kwa hilo zilihitajika seli hai zinazokua nje ya mwili. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green walifaulu kuotesha kwenye bakuli za maabara seli za epidemisi ya binadamu, juu ya seli za panya zilizozuiwa kugawanyika, na ndani ya miaka kumi watoto walioungua sehemu kubwa mno ya mwili walikuwa wakifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa kwa njia hiyo. Bakuli zile zilitoa pia jibu la swali la ujenzi. Mwaka 1979 Robert Rice na Green waliieleza involukrini, protini inayotengenezwa seli ikiwa hai, kisha kuunganishwa kwa vifungo visivyoyeyuka hadi iwe gamba linaloizunguka seli inapokufa. Lorikrini ilifuata, nayo ndiyo sehemu kubwa ya gamba hilo. Keratini, yaani protini za nyuzi zilizomo ndani ya seli, nazo zilipangwa upya: K5 na K14 ni za tabaka la msingi; seli ikipanda tu, huanza kutengeneza K1 na K10. Zile punje za Waldeyer zilikutwa zimejaa profilagrini, ambayo hukatwa kuwa filagrini, ikazifunga keratini pamoja, na hatimaye ikavunjika kuwa vitu vinavyoshika maji, maji yale yale aliyoyasema Blank. Seli basi haifi kwa kuchakaa. Hujiandaa kufa tangu inapoliacha tabaka la msingi, na safari nzima hadi kudondoka huchukua takriban mwezi mmoja.

Mtu anaweza kunijibu kwamba hospitali bado zinatambua saratani ya ngozi kwa nta na rangi zile zile. Ni kweli, na sioni sababu ya kuziacha: saratani hutafutwa kwenye seli zenye viini, ambazo formalini huzihifadhi vizuri. Kosa lilikuwa kuhukumu kwa picha hiyo kitu ambacho picha yenyewe imekifuta. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Alama za protini nazo hutegemea maabara. Involukrini hujitokeza mapema mno kwenye seli za bakuli, na hivyo hivyo kwenye ngozi yenye soriasisi, wakati K6 na K16 huibuka penye jeraha. Je, hatujabadilisha tu udanganyifu mmoja kwa mwingine? Nadhani hapana, kwa kuwa kuyumba huko kuna maana. Protini inapotokea kabla ya wakati wake, inatuambia kwamba mwendo wa seli umeharakishwa, na kwamba mipaka tuliyoichora kati ya matabaka ni vituo vya safari moja. Rangi ilituonyesha ghorofa tu.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwenye magonjwa. Mwaka 1991 ilithibitishwa kwamba hitilafu katika K14 huifanya ngozi itoke malengelenge kwa msuguano mdogo, kwa sababu seli za msingi hupasuka. Mwaka 2006 kundi la Irwin McLean huko Dundee, Uskoti, liligundua kwamba hitilafu za jeni ya filagrini husababisha ukavu wa kurithi wa ngozi na kuongeza sana hatari ya pumu ya ngozi. Kilichodhaniwa takataka kilikuwa ukuta, na ukuta ukivuja mwili mzima huathirika. Lakini hitilafu zilizoenea Ulaya zimeonekana kuwa nadra sana kwa wagonjwa waliochunguzwa Ethiopia, ingawa pumu ya ngozi ipo huko pia. Huenda ukuta wao unavuja kupitia mahali pengine, na alama zilizochaguliwa kwa kufuata ngozi za Ulaya hazitoshi kupaonyesha.