Bujora na Heshima ya Mama Anayejifungua

Mwaka 1542 Martin Luther aliandika maneno ya faraja kwa akina mama waliopatwa na msiba katika uzazi. Aliagiza wasitishwe wala kuhuzunishwa kwa maneno makali, kwa kuwa kosa halikuwa lao. Hivyo basi, kuujali moyo wa mzazi pamoja na mwili wake si jambo geni kwa Walutheri.

Bujora, katika eneo la Kisesa mashariki ya Mwanza, inafahamika kwa Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Kanisa Katoliki. Katika nyumba za Kisukuma za zamani, mama alijifungulia mikononi mwa mkunga wa jadi, akizungukwa na wanawake aliowajua. Faraja hiyo ilikuwa kubwa; lakini damu ilipozidi kutoka, au mtoto alipokwama, faraja peke yake haikuokoa maisha.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na baadaye zahanati na vituo vya afya viliongezeka vijijini. Takwimu za taifa zinaonyesha badiliko hilo: katika utafiti wa mwaka 2004 hadi 2005, chini ya nusu ya watoto walizaliwa katika vituo vya huduma, katika ule wa mwaka 2022, walikuwa asilimia 81.

Hata hivyo, kufika kituoni si sawa na kuridhika. Ada ya uzazi ilisamehewa kwa sera ya serikali katika miaka ya 1990, lakini mara nyingi mama alitakiwa kuja na glavu, pamba na wembe wake. Katika wodi nyingi mama mzazi au wifi aliachwa mlangoni. Aliyekaripiwa wakati wa uchungu aliwasimulia wenzake, nao wakasita kwenda. Kwa upande mwingine, mkunga mmoja mwenye kulemewa na wazazi wengi usiku kucha naye alihitaji kuhurumiwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mzazi awe na msindikizaji amtakaye, na ahudumiwe kwa heshima.

Shifra na Pua, wakunga wa Kiebrania, walimcha Mungu wakahifadhi uhai. Usharika unaowakumbuka hauna budi kumwombea mkunga, kumsindikiza mzazi, na kumuuliza arudipo nyumbani: ulitendewaje?