Bendera Dirishani

Mjomba wangu ana bendera mbili na kwa miaka mingi hakupeperusha hata moja. Ya Marekani ni ile ndogo ya mkononi, aliyopewa mwaka 2007 siku alipoapishwa kuwa raia. Ya Kenya ni kubwa. Aliinunua kwa mchuuzi wa barabarani Nairobi alipokuja matanga ya nyanya. Zote mbili zilikaa kwenye droo moja huko Texas, chini ya soksi za baridi.

Siku moja nikamuuliza kwa simu kwa nini asiitundike moja nje, maana kwenye picha za mtaa wake kila nyumba ya pili ina bendera mlangoni. Akacheka, halafu akanyamaza kidogo.

"Kijana," akasema, "bendera si pazia."

Nilidhani ni uoga wa mtu aliyekaa majuu miaka mingi bila makaratasi na akauzoea. Tangu hapo nimesoma kidogo historia ya wageni na bendera ya Marekani, na kile kicheko nakisikia tofauti.

Lakini tuanzie nyumbani, kwa sababu mjomba alienda na Kenya yake kichwani. Sisi tulilelewa tukijua bendera ni ya serikali. Iko kwa chifu, kwa DC, shuleni Jumatatu na Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni polisi wakiishusha, mtu uliye karibu unasimama wima na mzigo wako kichwani hadi firimbi ipulizwe, na wazee wana hadithi za waliochelewa kusimama wakakiona. Kuweka bendera ya taifa kwenye gari ni ruhusa ya wakubwa wachache waliotajwa kisheria, na sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2014, hata magavana walijikuta nje ya orodha. Sasa mtoe mtu kwenye nchi hiyo, umpeleke mahali ambapo bendera ya taifa iko kwenye kofia, kwenye leso za karatasi, kwenye kaptula za kuogelea. Mjomba anasema wiki yake ya kwanza aliona bendera imetundikwa kwa muuza magari, kubwa kuliko nyumba yao ya Nakuru, na akatafuta kwa macho ni waziri gani yuko ndani.

Ukikaa kidogo unagundua kuwa hiyo bendera ya kila mahali haisemi jambo moja kwa kila mtu. Mwenyeji akiitundika hakuna anayemuuliza. Mgeni akiitundika, au asipoitundika, ametoa jibu kwa swali ambalo huenda bado halijaulizwa.

Chukua kisa cha Robert Prager. Alikuwa Mjerumani, mzaliwa wa Dresden, aliyeingia Marekani mwaka 1905 akiwa kijana. Marekani ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani Aprili 1917, Prager alifanya kila kitu ambacho mgeni mwema angetakiwa kufanya: alianza mara moja kuomba uraia, akajiandikisha kwa ajili ya jeshi, akajaribu kujiunga na jeshi la majini, likamkataa. Na dirishani kwake akaweka bendera ya Marekani.

Mwaka uliofuata alikuwa Collinsville, Illinois, akitafuta kazi ya kudumu kwenye migodi ya makaa ya mawe. Akakosana na wachimbaji wenzake, uvumi ukaenea kwamba ni jasusi. Usiku wa tarehe 4 Aprili 1918, kundi la wanaume lilimtoa nyumbani kwake, likamvua viatu, likamfunga bendera mwilini na kumtembeza barabarani huku akilazimishwa kuimba nyimbo za uzalendo. Polisi walimnyakua, wakamficha ndani ya jengo la mji. Kundi likamfuata huko na kumtoa. Aliruhusiwa kuwaandikia wazazi wake barua fupi, kisha akanyongwa juu ya mti nje ya mji, usiku wa manane ukiwa umepita. Watu 11 walishtakiwa. Jopo liliwaachilia wote.

Nimekisoma kisa hiki mara kadhaa na kinachonishinda kila mara ni hiyo bendera. Bendera aliyoiweka dirishani kwa hiari yake na bendera waliyomfunga nayo zilikuwa kitambaa kilekile, rangi zilezile. Yeye alidhani akiionyesha itamsemea. Wao waliona ni kitu chao, na ni wao watakaoamua nani anafaa kuivaa na namna gani.

Miaka 23 baadaye zamu ilikuwa ya Wajapani. Desemba 8, 1941, siku moja baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, mwenye duka la vyakula la Wanto mjini Oakland, California, alitundika kibao kikubwa mbele ya duka lake chenye maneno ya kusema yeye ni Mmarekani. Hakuwa anaomba kitu. Alizaliwa huko, alisomea chuo kikuu cha California, kibao kilisema ukweli mtupu. Dorothea Lange alikipiga picha Machi 1942, na ndani ya picha hiyo utaona juu ya kibao lile jina la duka limebaki palepale. Kufikia wakati huo Rais Roosevelt alikuwa ameshatia sahihi ile amri ya Februari 19, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, walikuwa njiani kuelekea kambini. Wazazi wao waliotoka Japani hawakuwa hata na nafasi ya kuomba uraia. Sheria iliwafungia mlango huo hadi 1952. Mwezi uliofuata Lange alipiga picha nyingine, ya watoto wa shule San Francisco wakiweka mkono kifuani na kuapa utiifu kwa bendera. Wakaapa, wakafunga virago. Na huko kambini Manzanar, jangwani, bendera ileile ilikuwa inapepea katikati ya mabanda na vumbi.

Baada ya Septemba 11, 2001, bendera ziliadimika madukani. Walmart pekee iliuza takriban 116,000 siku hiyo. Huko New York, madereva wa teksi kutoka Pakistan, Bangladesh na India walizifunga kwenye magari kila mahali palipowezekana kufungwa. Je, walikuwa na majonzi ya kweli? Bila shaka, mji wao ulikuwa umeshambuliwa. Walikuwa na hofu? Hilo pia. Sidhani mwenyewe dereva angeweza kukukatia mstari akakuonyesha majonzi yaliishia wapi na hofu ikaanzia wapi, na sioni ni kwa nini tumdai afanye hivyo.

Tarehe 15 Septemba, Balbir Singh Sodhi, Singasinga aliyetoka Punjab, alipigwa risasi nje ya kituo chake cha mafuta huko Mesa, Arizona. Aliyemuua aliona kilemba na ndevu, basi. Polisi walipomkamata alipiga kelele kwamba yeye ni mzalendo. Siku hiyohiyo, kabla ya kuuawa, Sodhi alikuwa dukani na akatumbukiza pesa alizokuwa nazo mfukoni kwenye mchango wa waathiriwa wa mashambulizi.

Upande mwingine wa shilingi ni bendera ya ulikotoka. Oktoba 1994, makumi ya maelfu waliandamana Los Angeles kupinga Pendekezo la 187, lililotaka kuwanyima wahamiaji wasio na vibali shule na matibabu ya umma. Wengi walibeba bendera ya Meksiko. Televisheni ziliona bendera hizo kuliko zilivyosikia hoja, na mwezi uliofuata wapiga kura wakapitisha pendekezo, ingawa baadaye mahakama ililizima. Lawama nyingi zikaangukia bendera. Kwa hiyo mwaka 2006, mamia ya maelfu walipojaa tena Los Angeles kupinga mswada wa kuwafanya wahamiaji kama hao kuwa wahalifu, waandalizi waliwaambia watu: vaeni nyeupe, njooni na ya Marekani. Watu wakaja na ya Marekani. Mswada haukupita Seneti, lakini wakosoaji walikuwa na neno jipya: hizo bendera ni za kuigiza tu.

Mwaka huohuo wa 2006 Marekani ilitunga sheria ndogo ambayo mjomba anaijua kuliko wengi wetu tunavyoijua katiba. Inakataza vyama vya wenye nyumba, vile vya kukuambia upake ukuta rangi gani na nyasi ziwe na urefu gani, kumzuia mwenye nyumba kupeperusha bendera ya Marekani. Ya Marekani tu. Ya Kenya haimo, hiyo ni mpaka uelewane na chama. Mjomba aliwahi kuitoa ile kubwa kwa siku moja, akaiweka barazani, na jioni akapata ujumbe wa heshima sana kutoka kwa chama chake. Akairudisha kwa soksi.

Ingekuwa rahisi kusema basi angeweka ya huko na kumaliza maneno. Lakini kumbuka mwaka aliochukua uraia. Mwaka 2007 katiba yetu ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili; aliponyanyua mkono na kuapa, alipoteza wa kwetu saa ileile. Akapewa kile kibendera, picha ikapigwa, anatabasamu. Mamangu anasema usiku huo alipiga simu na hakusema jambo lolote la maana kwa nusu saa, aliuliza tu habari za ng'ombe. Katiba ya 2010 ilifungua mlango, akaomba uraia wake upya, akaupata. Kwa hiyo ana vyote viwili kwenye karatasi. Kwenye mlango wa nyumba ni hadithi nyingine.

Juni 2024, sisi tulipokuwa barabarani na bendera shingoni, mabegani, kichwani, bendera ileile tuliyofundishwa ni ya chifu, alinitumia picha. Ile kubwa ameitundika sebuleni, juu ya televisheni, ikitazama ndani. Chama hakina la kusema kuhusu ukuta wa ndani. Na ile ndogo ya kiapo ameibandika mbele ya gari, karibu na usukani, jambo ambalo hapa lingemtia taabani.

Nikamuuliza hiyo ya gari ni ya mapenzi au ni ya polisi wa barabara kuu.

Akasema nimsalimie mama, simu inaisha chaji.