Sasa, Zamani na Kigoda cha Mwanafalsafa

Mwaka 1969 kilichapishwa kitabu cha John Mbiti, African Religions and Philosophy, ambacho hadi leo wanafunzi wengi wa falsafa ya Kiafrika huanzia hapo. Mbiti, Mkamba wa Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alidai kwamba Mwafrika wa jadi huuona wakati kwa pande mbili tu: yanayotendeka na yaliyokwisha kutendeka. Mustakabali wa mbali, kwa maoni yake, hauna nafasi katika fikra hiyo. Alipotafuta majina ya pande hizo hakuridhika na Kiingereza. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi.

Hapo ndipo lilipo jambo la kustaajabisha. Majina yalikuwa ya Kiswahili, lakini ushahidi ulitoka katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Lau Kiswahili chenyewe kingeulizwa, kingejibu kwa kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, na baada ya hizo kingetaja ahera, siku ambayo hakuna iliyo mbali zaidi na ambayo mtu wa pwani huitaja kila uchao. Waliompinga Mbiti hawakukosekana: Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu mwaka 1987 kwa hoja za Kiakani, na D. A. Masolo wa Kenya akaipima nadharia hiyo katika kitabu chake cha 1994. Wote wawili walijibu kwa Kiingereza. Kiswahili kilikopesha maneno, kisha kikaachwa nje ya baraza ambamo maneno yake yalijadiliwa.

Kisa hiki ni mfano wa historia ndefu zaidi. Taaluma ya falsafa, kwa maana ya kazi yenye mshahara, cheo, jarida na mtihani, imekua Afrika Mashariki kwa kukifanya Kiswahili kitu cha kuchunguzwa badala ya chombo cha kuchunguzia.

Haikuwa hivyo daima. Neno falsafa lenyewe lilitufikia kwa Kiarabu, nacho kililipokea kutoka kwa Wayunani. Katika Unguja ya karne ya 19, mwanazuoni alikuwa na kazi inayotambulika: ukadhi, darsa, fatwa, na uandishi chini ya himaya ya Sultani. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyekuwa kadhi Kilwa na kisha Unguja, na aliyefariki mwaka 1896, alijadiliana na wamisionari wa Kianglikana juu ya misingi ya imani. Baina ya Waibadhi na Masunni kulikuwa na maswali ambayo mwalimu yeyote wa metafizikia angeyatambua: je, Mungu ataonekana kwa macho? Qur'ani imeumbwa au ni ya milele? Sifa za Mungu ni kitu mbali na dhati yake? Abu Muslim al-Bahlani, aliyetoka Oman akawa kadhi Unguja na mhariri wa gazeti la al-Najah lililoanza mwaka 1911, aliishi ndani ya ulimwengu huo wa hoja hadi alipofariki mwaka 1920. Vitabu viliandikwa kwa Kiarabu, lakini darsa ilifafanuliwa kwa Kiswahili. Lugha hii ilizoea kubeba mantiki muda mrefu kabla ya chuo kikuu cha kwanza kufunguliwa katika eneo letu.

Chuo kikuu kilipokuja, kilikuja na kipimo kingine. Placide Tempels, mmisionari wa Kibelgiji huko Katanga, alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945. Alexis Kagame wa Rwanda alifuata mwaka 1956, akijenga mfumo wa dhana nne juu ya ngeli za Kinyarwanda: mtu, kitu, mahali na namna. Msomaji wa Kiswahili huyatambua makundi hayo bila kufundishwa, kwa kuwa sarufi yetu ni ndugu ya ile. Hata hivyo Kagame alilazimika kuutetea mfumo huo kwa Kifaransa, mbele ya wasomaji ambao ngeli kwao ni ajabu ya kigeni.

Huko Nairobi, Henry Odera Oruka alitaka kuvunja dhana kwamba Mwafrika hufikiri kwa pamoja tu. Tangu miaka ya 1970 aliwahoji wazee vijijini, akatofautisha mwenye hekima anayerudia mapokeo na yule anayeyahoji, na mwaka 1990 akatoa Sage Philosophy. Jitihada hiyo ilikuwa ya kishujaa, nayo ilikatishwa na kifo chake mwaka 1995. Hata hivyo iliacha pengo upande wa pwani. Wahenga wa Oruka walitafutwa hasa miongoni mwa watu ambao elimu ya vitabu vya kigeni haijawaathiri sana. Maprofesa walitoka vyuoni. Mwanazuoni wa Mombasa au Unguja, aliyesoma vitabu vingi bila shahada, hakuwa wa kundi hili wala lile. Kai Kresse alipoandika Philosophising in Mombasa mwaka 2007, akiwachunguza Ahmed Nassir, Ahmad Sheikh Nabhany na Sheikh Abdilahi Nassir, aliziba sehemu ya pengo hilo. Kitabu chenyewe, hata hivyo, ni cha Kiingereza.

Aliyelipia zaidi mgawanyiko huu labda ni Euphrase Kezilahabi. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, nayo ni ya Kiingereza. Falsafa yake ya Kiswahili aliiweka katika riwaya: Kichwamaji ya 1974, kisha Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991. Alifundisha Kiswahili na fasihi, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Hivyo mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa lugha hii alipata riziki yake katika idara jirani.

Mtu aweza kuuliza hayo yanatuhusu nini sisi tulioko Oman. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi za Unguja zilipata makazi Maskati. Nchi ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa. Waliosoma Afrika Mashariki waliajiriwa hospitalini, maofisini na madarasani. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, kilianza na udaktari, uhandisi, kilimo, sayansi na ualimu, na kitivo cha sanaa kikafuata mwaka 1987. Taifa lililohitaji madaktari halikutanguliza falsafa, na hakuna wa kulilaumu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefariki Oman mwaka 1982, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyefariki huku mwaka 2006, wote wawili waliifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humlazimu mfasiri kuamua maana ya nafsi, roho, akili na kadari. Lakini sisi huihesabu kuwa ya dini peke yake.

Hapa Darsait, baina ya Ruwi na Matrah, Kiswahili ni lugha ya sebuleni, nayo inaijibu nadharia ya Mbiti bila kumtaja. Mzee asemapo zamani, mara nyingi anakusudia kabla ya Januari 1964: zamani yenye mitaa, majina na mashitaka ambayo hayajaamuliwa. Hiyo si ghala ambamo matukio huingia yakatulia. Na asemapo tukijaaliwa, anautaja mustakabali waziwazi huku akikana kuumiliki. Hizo ni fikra mbili kamili juu ya wakati. Wajukuu wanaosoma kwa Kiarabu na kufanya kazi kwa Kiingereza huenda wakazirithi kama mazoea ya usemi tu.

Hoja ya upinzani ni nzito. Mhadhiri kijana hupandishwa cheo kwa makala zinazosomwa duniani. Akiandika kwa Kiswahili, nani atamtathmini? Kwa hiyo mzigo huu usitwikwe yeye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu za Kiswahili katika taaluma za Kiswahili; idara za falsafa zinaweza kufanya vivyo hivyo, na kuzihesabu makala hizo katika upandishaji vyeo. Istilahi hazikosekani: dhati, sifa, hoja, dhana, kiini, sababu, zote zinatumika tayari. Kinachokosekana ni mtahini aliyeajiriwa kuzisoma, na yeye haletwi na mapenzi ya lugha. Huletwa na bajeti, tangazo la kazi na saini ya mkuu wa kitivo.